Kabla Tyubu Haijatulia

Jumatatu, 3 Machi

Leo wamemzima Kikongwe, mashine yetu ya zamani. Kabati la kushoto kwanza, halafu la kulia, mwisho ile feni iliyokuwa ikikoroma tangu nilipoingia maabara hii nikiwa mwanafunzi. Ukimya ukanikaa vibaya. Nikatoka nje nikajifanya napokea simu.

Sumaku haiondoki. Fundi wa kampuni amemweleza hivyo Mkuu wa idara mpaka mate yamemkauka, lakini Mkuu ameshawatangazia watu kwamba tunaletewa mashine mpya kabisa ya NMR, ya kusomea maumbo ya molekuli, na hataki kusahihishwa. Sumaku ni ile ile — pipa refu la chuma lenye baridi tumboni. Kinachobadilishwa ni makabati ya umeme na kichwa, yaani kile kidude kinachoingia katikati ya sumaku kuisikiliza sampuli. Kichwa cha Kikongwe kilikuwa kiziwi. Sisi tunaotafuta dawa kwenye magome ya miti, unga wetu ni kiduchu siku zote, kwa hiyo ilibidi kumwachia asikilize kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu ndipo atoe picha ya kueleweka. Kichwa kipya kinapozwa kwa baridi ya ajabu na kinasikia hata mnong'ono. Ndivyo anavyosema Fundi. Mafundi wote husema hivyo kabla hawajafungua sanduku.

Nimefika nyumbani, mume wangu anamenya viazi. Hakuinua uso.

"Kichwa kimefika?"

Kimefika, nikamwambia, bado kiko kwenye sanduku. Akasema haya. Akaendelea kumenya. Alimenya vyote, mpaka vya kesho.

Najua anachongoja. Hata binti yetu anajua, ingawa hapa nyumbani hakuna anayekitaja. Anangoja kichwa kile kimsafishie jina.

Jumatano, 5 Machi

Niiandike habari yote hapa mara moja, nisije nikaipamba baadaye.

Mzee ni profesa aliyenifundisha, aliyenipa kazi, na anayeniita mwanangu mbele za watu. Yeye ndiye aliyeitoa kwenye gome la mti ile molekuli inayoua vimelea vya homa. Alilijua umbo lake kwa picha za Kikongwe. Umbo hilo limechorwa ukutani kwenye mlango wa idara, kubwa kama geti, pete na mikono na kila kitu. Wageni wakija wanapigwa picha hapo.

Mume wangu na mimi tulikuwa wanafunzi wake. Kazi ya mume wangu ilikuwa kuitengeneza molekuli hiyo kwa mikono, bila mti. Akaitengeneza. Picha ya Kikongwe ni safu ya vilele, na yake ikalingana na ya Mzee kilele kwa kilele. Tulisherehekea kwa soda, nakumbuka. Halafu wakaipeleka kwa vimelea, na vimelea vikaishi. Vikanenepa. Ya mti inaua, yake haiui.

Mzee akasema mbele ya kikao kwamba vitu viwili vyenye umbo moja haviwezi kuwa na tabia mbili. Kwa hiyo mwanafunzi huyu alichukua unga wa mti, akaupiga picha, akaleta kama wake. Kughushi. Mume wangu hakulia wala hakugombana. Alisema tu Kikongwe ni kiziwi, kuna kitu asichokisikia, siku mkipata kichwa kizuri ipigeni picha ya mti tena mtaona haifanani na yangu. Wakacheka. Akafukuzwa.

Sasa anafundisha kemia sekondari. Mtaa mzima unamwita Mwalimu. Mimi ananiita Daktari, akiwa amekasirika.

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu ameingia chumba cha sumaku na pochi mfukoni. Kuna mstari wa manjano sakafuni, kuna bango lenye fuvu, kuna mimi niliyekuwa nampungia mikono. Akapita. Kadi ya benki imekufa, na ya kufungulia ofisi pia. Akaniuliza kama sumaku inaweza kuzirudisha. Nikameza kicheko mpaka tumbo likauma. Ndicho kitu pekee kizuri cha wiki hii.

Alikuwa amekuja kutoa habari. Uzinduzi ni Jumatatu ya tarehe 17. Makamu mkuu wa chuo atakuja. Maabara itapewa jina la Mzee. Na sampuli ya kwanza mbele ya wageni itakuwa molekuli ya Mzee, kutoka kwenye mti, nitakayoiweka mimi kwa mkono wangu, "kama mwanafunzi wake mpendwa." Mzee mwenyewe ataletwa kwa kiti cha magurudumu. Figo zimechoka, moyo unaendeshwa na kifaa walichompachika kifuani, na kwa ajili ya kifaa hicho hawezi kuvuka mstari wa manjano. Atakaa nyuma yake aangalie skrini.

Nimemwambia mume wangu wakati tunakunja nguo. Akabaki ameshika soksi moja. Akaniuliza, "Ya mti? Ile ile ya mti?" Nikasema ndiyo. Akasema atakuja.

Jumatatu, 10 Machi

Kichwa kimepoa. Kompresa inagonga ukutani ko-ko-ko kama mtu asiyefunguliwa mlango.

Fundi ni mtu wa makamo anayeongea na skrubu zake. Alimaliza sampuli zake za majaribio akasema sasa anataka kitu cha kwetu, kitu kigumu, aone kichwa kinavyotamba. Nikachukua unga wa gome kwenye kichupa, punje chache, nikauyeyusha kwenye klorofomu, nikaziba tyubu, nikaipeleka kwenye kibao cha dirishani.

Akashangaa. "Unaipeleka wapi?"

Nikamwambia tunaituliza. Kwetu tyubu haiingii mashineni siku ile ile. Inalala dirishani usiku mmoja, vumbi lishuke, mapovu yatoke, ndipo iingie. Ni sheria ya Mzee. Mwanafunzi mpya anaonyeshwa mlango wa dharura, halafu anaonyeshwa kibao cha dirishani. Sijawahi kuuliza kwa nini, kama ambavyo sijawahi kuuliza kwa nini tunanawa kabla ya kula.

Fundi akasema kwingine wanachuja kwa pamba kidogo, wanaweka, wanaenda kunywa chai. Kesho asubuhi anasafiri. Nikaona haya kumchelewesha. Nikachuja kwa pamba.

Tyubu ikaelea kidogo juu ya hewa, ikashuka taratibu ndani ya sumaku. Hatukumaliza hata chai. Picha ikatoka safi, vilele vyembamba kama sindano.

Siyo yake.

Nimeiangalia picha ya Mzee miaka yote hii, ningeweza kuichora nikiwa na homa. Kile kilele cha peke yake upande wa kushoto hakipo. Viwili vimejitokeza mahali ambapo hapajawahi kuwa na kitu. Fundi alikuwa anapiga mluzi kwa furaha. Nikamwambia nadhani nimechanganya vichupa. Akasema basi angalau nimechanganya kwa ufasaha.

Jumanne, 11 Machi

Sikuchanganya vichupa. Kichupa ni kile kile, maandishi ni yangu.

Niliiacha tyubu ya jana dirishani kwa mazoea tu. Leo, Fundi ameshaondoka, nikairudisha mashineni nikiwa peke yangu. Tyubu ile ile, sikuifungua hata kifuniko.

Picha ya Mzee. Kilele cha kushoto kipo. Viwili vya jana havipo.

Nikakaa kwenye kile kiti kibovu. Mkunga wangu — namaanisha fundi sanifu wetu, tumemzoea kwa jina hilo kwa sababu yeye ndiye anayetutolea kila tyubu iliyokwama — akachungulia akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia mgongo.

Jumatano, 12 Machi

Nimerudia kwa unga mpya. Ni kweli.

Alhamisi, 13 Machi

Sikulala vizuri na sina haja ya kujidanganya kwenye karatasi yangu mwenyewe. Hivi ndivyo ilivyo.

Klorofomu ina tindikali kidogo sana, na ikikaa kwenye mwanga inazaa zaidi. Kibao kiko dirishani. Tindikali ile kidogo inaifungua pete moja ya molekuli na kuifunga tena upande mwingine. Atomu zile zile, uzito ule ule, hakuna kinachopungua wala kuongezeka. Asubuhi unakuta kitu kingine kimekaa kwenye tyubu, kimetulia kweli kweli. Na kama ungemwekea Kikongwe tyubu mbichi, angesikiliza tangu Ijumaa mpaka Jumatatu, na kufikia hapo ingekuwa imeshageuka ndani ya tumbo lake. Leo nimeyeyusha unga huo huo kwenye kimiminika kingine kisicho na tabia hiyo. Nimeupiga picha asubuhi na jioni. Haukubadilika hata chembe.

Kwa hiyo mti una molekuli moja, ile inayoua. Ukutani kwetu kumechorwa nyingine, iliyozaliwa dirishani, ambayo haiui kitu.

Na hiyo ya ukutani ndiyo mume wangu aliyoambiwa aitengeneze. Akaitengeneza hasa. Bila kosa. Picha ikalingana kwa sababu alifanya kazi yake vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona maabara, na vimelea vikaishi kwa sababu vilipaswa kuishi. Alikosea jambo moja tu. Alifikiri Kikongwe anaficha kitu, kumbe Kikongwe alikuwa anasema ukweli kuhusu kile alichopewa.

Nilitakiwa nikimbie nyumbani. Nimekaa darasani mpaka mlinzi akaanza kufunga madirisha.

Nyumbani ameniuliza kama tumeshaipiga ya mti. Nikasema bado kichwa kinapozwa.

Kwa nini nimesema hivyo? Sijui. Ulimi umetangulia. Akasema hakuna haraka, atajionea mwenyewe Jumatatu. Amepeleka shati la harusi kwa fundi cherehani, kola imechakaa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kwa Mzee. Nilijiambia ni heshima, asisikie mbele ya watu. Sasa naona nilitaka mtu mwingine aniamulie.

Mkewe alinifungulia. Amepungua kuliko mgonjwa. Akanishika mikono yote miwili, akasema Mzee anahesabu — Jumatatu, Jumatatu, hana neno lingine — na suti imebidi ipunguzwe, imekuwa kama ya kuazima. Akanipeleka chumbani akatuacha.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mashine inasemaje?"

Nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa na utangulizi, nilikuwa na maneno ya kuzunguka. Nikasema tu kwamba ile sampuli ya gome, kwenye kichwa kipya, picha imetoka tofauti.

Akafumba macho. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Nani alikuambia uiweke bila kuituliza?"

Sikuwa nimesema hivyo. Sikuwa nimefika huko. Ningeweza kuwa nimekosea kichupa, ningeweza kuwa nimeharibu mashine, kuna mambo mengi ambayo profesa angeuliza kabla ya hilo.

"Mzee, ulijua?"

"Nilijua isipotulia inaleta uchafu. Siku za mwanzo niliuona. Mara moja, mara mbili. Uchafu hauandikwi."

"Uchafu huo ndio unaoua vimelea, Mzee."

Akaangalia kiti cha pembeni. Kwenye kiti kulikuwa na ile suti imetandikwa, na soksi mpya juu yake. Nikasubiri anikatalie. Ningefurahi angenifokea, aniambie mimi ni mwanafunzi tu, nikaisome upya kemia yangu. Akaomba maji. Nikamnywesha kwa mrija.

"Jumatatu weka iliyotulia," akasema. "Nikishakwenda, fanya unavyoona. Hutangoja sana."

"Na mume wangu?"

"Mumeo ana kazi. Ana mke, ana mtoto, ana miguu. Mimi nina ule ukuta tu."

Nilitaka kumchukia na nikashindwa. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Alikuwa mdogo sana kwenye kitanda kile. Nikamvutia shuka, nikamfunika vizuri, mkono wangu ukafanya hivyo wenyewe. Mkewe akanisindikiza mpaka barabarani akiniombea dua ya kila aina. Akasema Mwenyezi Mungu amewapa mtoto wa uzeeni, yaani mimi.

Jumapili, 16 Machi

Maabara peke yangu. Nimetayarisha tyubu moja, nimeiweka dirishani. Kesho kabla ya wageni kuingia nitatayarisha nyingine mbichi. Kichupani kumebaki unga kidogo tu chini.

Sijaamua. Nimejiambia nikiwa na zote mbili mfukoni nitajua.

Binti yangu amenisuka. Kasema nina mvi upande mmoja tu, kama nimepakwa chaki. Baba yake alicheka sana, kicheko cha tumboni. Ni muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo. Alikuwa anapiga pasi shati, akiimba kwa sauti mbaya. Anaamini. Mungu wangu, anaamini kwamba kesho mashine itamtetea, na hajui kwamba kinachoweza kumtetea ni mkono wangu.

Ningemwambia jana. Ningemwambia leo asubuhi. Ningemwambia hata pale kwenye pasi. Kila saa inayopita inanifanya niwe mtu aliyejua saa moja zaidi bila kusema. Nikimwambia leo atauliza tangu lini.

Jumatatu, 17 Machi

Tumerudi. Yeye yuko bafuni, nasikia maji. Niandike haraka.

Walipamba mlango kwa utepe. Mkuu alikuwa na hotuba ndefu, akammwagia Mzee sifa, na Kikongwe akaitwa "mashine ya kisasa kuliko zote" bila hata soni. Mzee aliletwa na mkewe na mjukuu wao, wakamwegesha nyuma ya mstari wa manjano. Suti ilimshinda. Alinitazama mara moja akageuza uso kuelekea skrini kubwa waliyoitundika ukutani.

Mume wangu alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, shati jeupe kama karatasi. Wazee wawili wa kikao kile cha zamani walipita mbele yake na kujifanya hawamwoni. Akawasalimia yeye. Akawasalimia kwa majina ya vyeo vyao, kwa adabu, nikaona shingo zao zinavyopinda.

Nilikuwa na tyubu mbili kwenye koti. Mfuko wa kulia mbichi, mfuko wa kushoto iliyotulia. Mkunga alikuwa kwenye kompyuta. Mkuu akasema jina langu, watu wakapiga makofi, nikapanda vile vidaraja vya sumaku.

Kutoka juu unaona kila mtu. Nilimwona makamu mkuu akiangalia saa. Nilimwona mke wa Mzee ameweka mkono kwenye bega la mumewe, analipapasa kwa kidole gumba, bila kujua lolote. Nilimwona mume wangu amenyanyua kidevu. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia skrini.

Mkono uliingia kushoto.

Sitaki kusema niliamua. Lakini hakuna mtu mwingine pale juu wa kusingiziwa. Nilifikiri: ni siku moja tu, mzee anakufa, wiki chache, kisha nitasema yote, nitaandika, nitafuta ukuta mwenyewe kwa brashi. Mume wangu amengoja miaka, atangoja wiki. Nilifikiri kwa niaba yake. Tyubu ikaelea, ikashuka.

Picha ikapanda kwenye skrini. Kilele cha kushoto kikasimama peke yake. Ukumbi ukapiga makofi kana kwamba timu imefunga bao. Mzee hakupiga makofi. Aliinamisha kichwa, mkewe akadhani ni machozi ya furaha, akamfuta.

Mume wangu alikuwa anahesabu vilele, midomo ikicheza. Alifika mwisho, akarudia tangu mwanzo. Kisha akapiga makofi naye. Alipiga mpaka wengine wakaacha.

Njiani hakusema kitu. Nikajua ana hasira, nikashukuru, hasira naiweza. Tulipofika akakaa kwenye kochi, akanivuta nikae karibu yake. Akanishika mkono. Hakuwa na hasira.

"Kumbe ni ile ile," akasema.

Nikamnyoosha kola.

"Kichwa kipya, makabati mapya, na picha ni ile ile. Mashine haina ubaya na mtu. Basi ni mimi."

Nikamwambia si lazima iwe yeye. Sauti yangu ikatoka kama ya mtu anayeuza dawa ya mbu. Akatikisa kichwa. Akaniambia amefikiri njia nzima. Labda chupa haikuoshwa vizuri. Labda ilibaki na unga wa gome, akaupiga picha ule akidhani ni wake, na kitu alichopeleka kwa vimelea kilikuwa takataka. Hakughushi, akasema, lakini aliyemwona mghushi hakuwa mwendawazimu. Miaka yote hii amemsema vibaya mzee wa watu kwenye meza yetu, mbele ya mtoto.

Halafu akasema anajisikia mwepesi. Akasema hivyo kweli. Kwamba kungoja kulikuwa kumemchosha kuliko kosa lenyewe.

Anataka twende kwa Mzee. Leo hii, jua likiwa bado lipo, kwa sababu amemwona alivyo, na mgonjwa wa namna ile hangojwi. Anataka kumwomba radhi. Ameniuliza kama nadhani atampokea.

Nimesema atampokea.

Hilo tu ndilo lililonitoka. Nimekuja huku chumbani nikisema nabadilisha nguo. Koti liko kitandani, tyubu ya kulia bado imo. Nimeitoa nikaiangalia kwenye mwanga. Maji meupe. Kwa sasa itakuwa imeshaanza kugeuka.

Maji yamekatika bafuni. Namsikia anamwambia binti yetu amletee lile shati tena, halijachafuka, na aangalie kama nyumbani kuna kitu cha kumpelekea mgonjwa. Binti anauliza mgonjwa gani. Anamjibu, "Mwalimu wangu."

Nikitoka sasa hivi nikasema, atajua nilisimama pale juu ya ngazi nikamwangalia akihesabu. Nisiposema, atapiga magoti mbele ya kitanda kile, na Mzee atamsamehe. Namjua Mzee. Atamwekea mkono kichwani na kumsamehe, huku akinitazama mimi.

Amegonga mlango. Anauliza kama niko tayari. Nimemwambia navaa viatu. Viatu viko miguuni tangu nilipoingia.